Bawa la Nne la Kinu cha Busi

Busi, nchi ya Irangi
Ijumaa, 19 Julai 1912

Kwa binamu yangu mpendwa Bashiri bin Halfani,
Kambi ya Reli, Tabora

Tangu dunia iumbwe ni watu wawili tu waliowahi kuutuma upepo kazi ukaenda: Nabii Suleimani na mimi. Tena Nabii Suleimani alikuwa na majini wa kumsaidia. Mimi nilikuwa na Mgogo mmoja mwenye patasi na ngazi iliyokosa vidato vitatu. Sasa pima mwenyewe.

Lakini adabu kwanza, usije ukasema shule ya serikali haikunifunza kitu. U hali gani, binamu? Mwili wako je? Kile kifua kilichokuwa kikikubana miezi ya baridi kimekuachia, au bado unakoroma kama ng'ombe aliyenasa matopeni? Tunasikia kambini mnakula wali kila siku. Kama ni kweli, usile wangu, nitakuja kuula mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Baridi ni kali, asubuhi vidole havikunjiki. Uwele umevunwa, maghala yamejaa. Mimi nimeongezeka kimo, na wasichana wa huku wanasema nimeongezeka sura pia, ila wanasema kwa sauti ndogo.

Najua barua aliyokuandikia karani mwezi uliopita ilikutoa jasho. Karani yule habari mbaya huiandika kwa herufi kubwa, na habari njema humwishia wino. Basi chukua maji unywe, kisha soma: baba yako yuko nyumbani. Hana mnyororo. Hapelekwi pwani wala popote. Sasa hivi ninapoandika namsikia uani akigombana na mbuzi, na mbuzi ndiye anayeshindwa. Alhamdulillahi, Bashiri, alhamdulillahi tena na tena. Siku arobaini nilikuwa nikimeza chakula hakishuki. Jana nimekula sahani tatu za ugali kwa mlenda, mama yako akaniuliza kama nimekodisha tumbo la pili.

Najua barua hii utawasomea wenzako kambini, kwa hiyo nitaanza mwanzo kwa ajili yao, maana wao hawakijui kinu chetu.

Kinu hiki, jamaa zangu wa Tabora, kilijengwa na Mdachi mmoja mzee aliyekuwa ameacha uaskari. Watu walimwita Bwana Mabawa. Jina lake la kwao hakuna aliyeweza kulitamka, hata mjomba Halfani aliyefanya naye kazi miaka mitano. Kwao vinu vya upepo vimesimama vilimani kama mbuzi malishoni, na baba yake alikuwa msaga unga. Siku moja alipanda kilima chetu mwezi wa Agosti, upepo ukamvua kofia ukaitupa bondeni. Mtu mwingine angetukana. Yeye alicheka, akapiga mguu chini, akasema hapa hapa.

Akajenga mnara, mawe chini na mbao juu, na nje yake mabawa manne ya miti yaliyovikwa nguo ya merikani. Upepo unazungusha mabawa, mabawa yanazungusha mhimili, mhimili unazungusha gurudumu la meno, gurudumu linazungusha jiwe la kusagia. Ndiyo yote. Mambo haya nimewaeleza kwa mstari mmoja, na fundi wetu Mgogo alinieleza kwa siku mbili huku akinipiga kwa rula.

Mjomba alikuwa mtunza kinu. Bwana Mabawa alipougua akabebwa kwa machela kwenda pwani, alimwachia ufunguo na maneno haya: "Halfani, funga mlango mpaka nirudi." Hakurudi. Ikapita miaka saba. Na Mjomba kila asubuhi, mvua au jua, alipanda kilima kutazama kama kufuli iko salama. Ilikuwa salama kabisa. Aliipaka hata mafuta.

Lakini baba yako aliambiwa alinde mlango, hakuna aliyemwambia alinde ukuta. Mwaka wa kwanza zilipotea kamba. Mwaka wa pili ile merikani, na ukitaka kujua ilikokwenda, kumbuka Idi ile ambayo nusu ya wanaume wa Busi walivaa kanzu mpya. Halafu zikaanza mbao, ubao mmoja mmoja, kutoka nyuma. Mlango umefungwa mbele kwa heshima zote, na nyuma ng'ombe angeweza kuingia bila kuinamisha pembe. Mjomba alijua? Nadhani alijua. Nadhani aliamua kutozunguka nyuma.

Hapa usiruke mstari, Bashiri, wasomee. Kile kitanda chako ulichokikojolea mpaka ukaota ndevu kilikuwa sakafu ya kinu. Mali ya serikali, bwana! Ungefungwa wewe.

Sasa tarehe sita ya mwezi uliopita, Bwana Mkubwa mpya wa boma alipita huku kwa safari. Akaona mabawa yasiyo na nguo yamesimama kilimani. Akauliza kinu ni cha nani, na mtunza ni nani. Na baba yako, kwa ile adabu yake inayotuua sote, akatoka mbele ya watu, ufunguo umening'inia shingoni, akasema, "Mimi, Bwana. Kila kitu kiko chini ya kufuli."

Wakapanda. Mjomba akafungua kufuli kwa kituo, akasukuma mlango, akasimama pembeni Bwana apite. Bwana akaingia akakuta anga. Alicheka, binamu. Alicheka mpaka askari nao wakacheka. Halafu akaacha, na alipoacha yeye, kila mtu aliacha.

"Mwenye ufunguo ndiye mwenye deni," akasema. Akatoa siku arobaini. Anataka unga wa kuwalisha wapagazi, na kinu kizunguke siku atakayorudi. Kisipozunguka, Halfani atakwenda pwani na kundi la mnyororo, na unajua wangapi wametoka huku kwenda huko na wangapi tumewaona tena. Wakamfunga palepale, naye akaomba kwanza arudishe kufuli. Mama yako alikimbia nyuma yao mpaka mtoni, kiatu kimoja mguuni. Bibi Tabu hakukimbia wala hakulia. Alikaa kizingitini akasema, "Mwanangu ameondoka na ufunguo. Haya, tutaona mtakavyofungua."

Siku kumi za kwanza hakuna kilichofanyika. Jumbe alipiga ngoma, akahimiza, akatisha, mbao zirudi. Hapana. Si kwamba watu hawakumpenda baba yako. Waliogopa. Atakayetokea na ubao begani amekiri wizi wa serikali, na mnyororo una nafasi ya shingo nyingi. Kila mtu alikuwa akikutana nami njiani ananipa pole, kisha anarudi nyumbani kulala juu ya kinu.

Hapo ndipo nilipotoa wazo langu. Basi, nililitoa pamoja na Bibi. Haya, alilitoa Bibi, mimi nilikwenda kulitangaza, lakini kutangaza nako ni kazi. Unajua jalala letu lile nyuma ya msikiti, na unajua desturi: kitu kikishatupwa pale hakina mwenyewe, ukimwuliza mtu alichotupa umemtukana. Hata kesi nzima nzima zimekwisha kwa mtu kutupa jembe la jirani jalalani asubuhi, na jirani kupita kuliokota jioni, wote wakisalimiana. Bibi akasema, "Waambieni watu jalala letu mwaka huu limekuwa dogo. Watupe."

Binamu, asubuhi ya kwanza tulikuta mbao sita. Ya pili kumi na tisa. Ya tatu jalala lilikuwa refu kuliko msikiti. Milango ya mazizi, viti, mbao za bao zenye mashimo yake, ngazi, tundu la kuku likiwa na yai. Yai nililila mimi, halikuwa la serikali. Yale meno ya gurudumu, arobaini na nane, yalikuwa yametawanyika vijijini yakifanya kazi ya vigingi vya kuwambia ngozi, maana unene ni uleule. Yalirudi arobaini na matatu, mengine bado yana manyoya ya mbuzi. Jiwe la kusagia la juu halikuweza kutupwa jalalani, kwani lilikuwa pale msikitini kisimani, watu wakikanyaga wakitawadha miaka yote ile. Mwalimu wa msikiti alifikiri sana, halafu akasema yeye siku zote alidhani limeota pale. Wanaume wanane waliliviringisha mpaka kilimani.

Chuma tu ndicho hakikurudi. Zile pete za chuma zilizokuwa zikibeba mhimili zilishakuwa majembe, na majembe yalishalimiwa yakaisha. Ukitaka chuma kile, kiko mashambani, kimegeuka ugali.

Jumbe akaagiza fundi kutoka Ugogo, mtu wa Mvumi, Yotham jina lake, aliyesomea useremala kwa wamisheni. Mfupi, mkavu, penseli sikioni. Alipofika akazunguka kinu mara tatu.

"Ninyi Warangi," akasema, "kinu mmekila kama mbuzi. Mmebakiza pembe."

"Fundi," nikamwambia, "umeitwa umrudishe mbuzi, hukuitwa kuhesabu mifupa."

Akanitazama. "Huyu mwenye mdomo nani?"

"Mpwa wa aliyefungwa."

"Basi huyu ndiye atakayenishikia ngazi. Mdomo utampa uzito."

Tukaelewana tangu hapo. Kwa siku ishirini na tano nilitukanwa kwa Kigogo na Kiswahili, na nilijifunza zaidi kuliko mwaka na nusu wangu wote wa shule. Pete za mhimili alizichonga kwa mpingo, mti mgumu mpaka patasi ikalia. Akina mama walileta mafuta ya nyonyo ya kupaka, kibuyu kwa kibuyu, mpaka mnara mzima ukawa unanuka kama bibi harusi. Meno matano yaliyopotea nilichonga mimi. Yotham alisema manne yanafaa na la tano linafanana na mimi. Akalitupa, akachonga jingine mwenyewe.

Yakabaki mabawa. Merikani hatukuwa nayo, duka la Zaidi, muuza nguo wetu, lilikuwa limefungwa, yeye mwenyewe amekwenda kununua mizigo, hajulikani atarudi lini. Wazee wakasema, nchi hii imejaa ngozi za mbuzi, kwa nini tuhangaike na nguo? Fundi alitikisa kichwa kwamba ni nzito, lakini alikubali. Ngozi kumi na moja kwa kila bawa, zimeshonwa kwa mishipa ya ng'ombe, zimelainishwa kwa samli na nyonyo. Zikapanda Jumamosi. Kilima kizima kilipendeza! Kinu kilikuwa kama mnyama anayetaka kuruka.

Jumapili asubuhi tulikuta mabawa matatu.

Ni fisi, binamu. Nani anayetundika ngozi zenye samli usawa wa pua ya fisi akaenda kulala? Sisi. Fundi alikuwa ameniambia niyaache mabawa yamekaa mshazari, mawili kulia na mawili kushoto, yasiguse chini. Mimi niliyaacha moja limening'inia wima, kwa sababu niliona hivyo kinu kinaonekana kirefu zaidi. Fisi walikula bawa zima, kamba, ngozi na ule mshono niliokuwa nikijivunia. Waliacha ukwato mmoja tu, sijui wa nani.

Fundi Yotham hakunitukana. Hilo ndilo lililonitisha. Alikaa juu ya jiwe akasema, "Kwa mabawa matatu mhimili utayumba, pete za mpingo zitapasuka. Bwana anakuja Jumanne." Ngozi nyingine kavu hazikuwepo. Watu walianza kuleta vitambaa, mabaki ya kaniki, magunia, lakini vyote vilikuwa vimeoza. Ukivuta vinapasuka. Mama yako akavua shuka lake akalitandaza pale chini, na tukaweza kuona mchanga kupitia shuka.

Nikaona nyuso za watu. Nikaona mama yako anavyolikunja lile shuka polepole. Nikasimama nikasema, "Msihangaike. Nguo nitaleta mimi. Kesho adhuhuri."

"Utaitoa wapi?" akauliza Jumbe.

"Mimi ni Hasani," nikasema. Wakacheka, wakaenda zao, na nadhani baadhi waliniamini.

Jumatatu adhuhuri nilipanda kilima na nguo nyeupe, mpya, imara, urefu mikono kumi na miwili. Watu walishangilia mpaka Mwalimu akatoka msikitini kuuliza kama mwezi wa Shaabani umeandama mapema. Fundi akaipapasa kwa vidole.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mtu anayenipenda."

Akatoa sindano. Tukaishona mpaka jua likashuka, na kwa kuwa nguo ni nyepesi kuliko ngozi, Yotham akafunga gogo dogo kwenye mti wa bawa lile ili manne yote yalingane uzito.

Jumanne Bwana Mkubwa akafika, askari sita, na katikati yao baba yako. Nitakwambia ukweli, amekonda. Shingo ilikuwa na kidonda cha mnyororo pande zote. Lakini alipoona mabawa manne alisimama, askari akamvuta, naye akasimama tu, kama punda akiona kwao.

Na upepo haukuwepo.

Mwezi mzima ulikuwa unavuma kiasi cha kumwagia mtu mchanga machoni, na asubuhi ile moshi ulikuwa unapanda wima. Bwana akatazama saa yake. Watu mia tatu wamekaa kilimani, hakuna anayekohoa. Mwalimu anasoma dua, Yotham naye pembeni amefumba macho anamwomba Mungu kwa Kigogo. Bwana akasema atakula chakula chake cha mchana, na akimaliza anaondoka. Akatandikiwa meza. Bashiri, sijawahi kumwombea mtu atafune polepole kama nilivyomwombea yule.

Baba yako akasema, "Bwana, nisamehe. Kabla ya yote nifungue mlango." Mnyororo shingoni, na yeye anataka kufungua mlango! Bwana akapunga uma. Mjomba akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akaingia, akaweka kiganja kwenye gurudumu. Akawa anapapasa jino kwa jino, midomo inacheza. Akasema, "Yote yapo." Akasema kwa sauti ndogo sana. Hapo ndipo mama yako alipoanza kulia, siku zote zile hakuwa amelia mbele za watu.

Mimi wakati ule nilikuwa juu ya bawa nafungua kamba ya mwisho. Bwana alikuwa amefika kwenye kahawa. Nikahisi baridi sikioni. Nikasikia Yotham anaita, "Shuka! Hasani, shuka!" na nilipotaka kushuka, chini ilikuwa imeshakwenda juu.

Nimezunguka, binamu. Mzunguko mzima na nusu, nimekumbatia mti kwa mikono na miguu, kichwa chini, kichwa juu, kichwa chini tena. Wengine watakuambia nilipiga kelele. Nilikuwa natoa takbiri. Msuli wangu ulibaki juu, ukaendelea kuzunguka bila mimi, na mimi nikatua juu ya rundo la pumba bila msuli, mbele ya Bwana Mkubwa, Jumbe, Mwalimu na wasichana wote wa Busi. Ndiyo maana nilikwambia wanasema kwa sauti ndogo.

Lakini hakuna aliyenitazama zaidi ya pumzi moja, kwa sababu jiwe lilianza kuunguruma. Unaukumbuka mngurumo ule? Mimi niliusahau mpaka niliposikia. Unaingia kwa nyayo. Mjomba akamimina uwele, tukasubiri, na unga ukatoka, kwanza mchafu wa vumbi, kisha mweupe, wa moto. Bwana akauchukua mkononi, akauonja, akafuta masharubu. Akamwambia askari neno moja la kwao, na askari akatoa ufunguo wake yeye, akafungua mnyororo.

Baba yako hakukimbia nje kama ambavyo mimi ningefanya. Alisema, "Jino moja linagonga." Akainama kulitafuta.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kinu kinasaga, foleni ya akina mama inafika mpaka mtoni, na wapagazi wa boma wanachukua sehemu yao, nyingine ni yetu. Mama yako anampaka Mjomba nyonyo shingoni asubuhi na jioni, kidonda kinafunga. Analala vizuri, anaota kwa sauti, anatukana mbuzi hata usingizini. Amesema nikuandikie usije, kazi yako usiiache, yeye ni mzima. Kisha akaniita tena akasema niandike kwamba ukija haitakuwa vibaya. Chagua mwenyewe.

Wanakusalimu wote. Mama yako Mwajabu anasema vaa nguo nzito. Mama yangu anakusalimu, na Jumbe, na Mwalimu, na Fundi Yotham ambaye hakujui lakini anasema anakuhurumia kuwa binamu yangu. Nisalimie wenzako wa kambini, Mwenyezi Mungu awalinde nyote na yale magari ya moshi, na awarudishe kwenu mkiwa na mikono na miguu kamili.

Bibi Tabu naye anakusalimu sana. Hajambo, ila anakohoa alfajiri.

Na hapa, Bashiri, kama bado unawasomea, kunja karatasi. Nenda mahali ukae peke yako.

Nguo ile ni sanda ya Bibi.

Unalijua sanduku lake. Ni ile bafta aliyoletewa na yule haji wa pwani aliyelala kwetu, aliyokwenda nayo Maka akaichovya katika maji ya zamzam. Kila mwaka mwishoni mwa Shaabani huitoa, huianika kivulini, huifukiza udi, huirudisha kwa kafuri mpya. Nilijua ilipo kwa sababu mwaka jana nilimshikia pembe mbili tukaikunja pamoja, akinitania kwamba ndiyo nguo pekee ambayo mume wake kijana hatalazimika kumnunulia. Jumatatu ile alikuwa kisimani. Nikaingia, nikaitoa, nikaweka gunia mahali pake ili sanduku lisiwe jepesi. Nikaikata kwa kisu cha fundi. Harufu ya udi ilinikaa mikononi mpaka Jumatano.

Leo ni tarehe nne au tano ya Shaabani. Kila jioni anatoka nje, anakaa akielekea kilimani. "Mume wangu," ananiambia, "lile jeupe ndilo linalovuta wenzake." Na mimi nacheka.

Niletee bafta kutoka kwa Wahindi wa Tabora, nakuomba, mikono kumi na miwili, umpe tarishi wa kwanza. Lakini najua Tabora hakuna zamzam, na ile iliyotobolewa sindano ikamwagikiwa nyonyo haifai tena kumstiri mtu. Kwa hiyo nitamwambia kabla haijafika. Nimekwenda mara mbili mpaka kizingitini kumwambia, na mara zote mbili nimeanza kusimulia habari za msuli.

Siogopi kwamba atanilaani. Kinachonila ni kwamba kisima kile kiko karibu, Bashiri, ungeita angesikia. Ningesema tu, "Bibi, ni kwa ajili ya Halfani," angekuja mbio na miguu yake ile, angefungua sanduku mwenyewe, angeichana kwa meno kama kisu hakipo. Ingekuwa ni yeye aliyemfungua mwanawe mnyororo, na angelijua hilo mpaka siku ya kufa kwake. Lakini mimi nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba nguo nitaleta mimi. Nilitaka niwe mimi. Sikumwomba.

Ni mimi, ndugu yako nikupendaye hata utakaponikasirikia,
Hasani bin Mbwana